Chango cha ukulele: jinsi ya kukibuni kwa mbao kisije kikaangusha ala yako

Wadau, leo tuna kazi ya mikono. Makala hii ni ya mafundi na wapiga muziki kwa pamoja, inahusu chango cha ukutani cha kutundikia ukulele, kile kinachotengenezwa kwa mkono kwa mbao. Nasema chango kwa maana ya kitu cha ukutani cha kutundikia vitu, siyo lile chango la tumbo, kwa hiyo wale mlioanza kucheka kaeni sawa. Wingi wake ni vyango.

Ukitafuta picha mtandaoni utaviona vya kila umbo: nanasi, kasa, ua, ubao wa kutelezea mawimbi. Vinapendeza, sikatai. Tatizo ni kwamba picha haikuonyeshi jambo ambalo ndo linaamua kama ala yako itakaa ukutani miaka kumi au itakuja chini usiku wa manane, nalo ni mishipa ya mbao imeelekea wapi. Hilo nitalieleza kwa kirefu kwa sababu watu wengi wanaiga umbo tu. Kama uko kafe na dakika zinakimbia, chapa ukurasa huu uende nao karakana.

UKULELE NI KAZI YA MASEREMALA TANGU MWANZO

Kwa wasioifahamu, ukulele ni kama gitaa dogo lenye nyuzi nne, na nyumbani kwake ni visiwa vya Hawaii. Lakini mbegu ilitoka mbali. Tarehe 23 Agosti 1879 meli iitwayo Ravenscrag ilifika Honolulu ikiwa na wahamiaji Wareno kutoka kisiwa cha Madeira, waliokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Ndani ya meli ile walikuwemo Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Hawa watatu walikuwa mafundi wa samani. Kwao Madeira kulikuwa na kigitaa kidogo kinachoitwa machete, na baada ya kutoka mashambani wakafungua karakana Honolulu wakawa wanatengeneza viti na meza, na vigitaa pia, kwa kutumia mti wa huko huko uitwao koa. Wenyeji wakakipa jina la ukulele. Mfalme Kalākaua alikipenda, akakiingiza kwenye shughuli za ikulu, na kuanzia hapo kikawa cha Hawaii kabisa. Mwaka 1915 kilipigwa kwenye maonyesho makubwa ya San Francisco na Marekani nzima ikakishika. Mwaka uliofuata, 1916, Samuel Kamaka alianzisha karakana yake Honolulu, na mwaka 1928 akapata hataza ya ukulele yenye umbo la nanasi. Familia yake inaendelea na kazi hiyo mpaka leo. Zile picha za vyango vya nanasi mnazoziona mtandaoni, asili yake ni hapo.

Nimeleta historia hii kwa sababu moja. Kama fundi wa meza na vitanda ndiye aliyeizaa ala yenyewe, basi fundi wa meza na vitanda wa mtaani kwako anaweza kabisa kutengeneza kitu cha kuitundikia. Hahitaji mashine za ajabu.

Ukulele zipo za saizi nne zinazojulikana. Soprano ina urefu wa karibu sm 53 kwa jumla, konseti karibu 58, tenori karibu 66 na baritoni karibu 76. Nyingi hazifiki kilo moja, na soprano mara nyingi ni kama nusu kilo tu. Kwa hiyo hapa uzito siyo adui. Adui ni wembamba. Ubao wa mbele wa ukulele una unene wa kama milimita 2 hivi, wakati mwingine chini ya hapo. Kitu cha namna hiyo kikidondoka kutoka usawa wa kifua kwenye sakafu ya saruji, unachookota ni vipande. Na pale shingo inapokutana na kichwa pana udhaifu wa kuzaliwa: kichwa kimeinama kidogo kwenda nyuma, mbao imekatwa kwa kukatiza mishipa yake, na ndiyo sehemu ambayo huvunjika kwanza.

PIMA KABLA HUJACHORA

Usichukue kipimo cha mtu mwingine, hata changu. Chukua ukulele yako, rula na karatasi. Unahitaji vipimo vinne.

Cha kwanza ni upana wa shingo pale juu kabisa, kwenye kile kijiti chembamba chenye mifuo ambamo nyuzi hupita kabla ya kuingia kichwani. Kwenye ukulele nyingi ni milimita 35 mpaka 38. Cha pili ni upana wa mabega ya kichwa, yaani pale kichwa kinapoanza kutanuka juu ya kile kijiti. Cha tatu ni unene wa shingo, na cha nne ni kina cha kiwiliwili, kuanzia mgongo mpaka ubao wa mbele.

Sasa tuchukue mfano wa shingo ya mm 36. Mikono miwili ya chango inashika chini ya mabega ya kichwa, shingo ikipita katikati. Unataka nafasi ya mm 2 kila upande ili ala iingie na kutoka bila kukwaruza, na kila mkono utaufunika kwa ngozi ya mm 2. Hesabu yake: 36 jumlisha 4 za nafasi, jumlisha 4 za ngozi, unapata mwanya wa mm 44 kwenye mbao tupu. Ukishaweka ngozi unabaki na 40. Kichwa lazima kiwe kipana kuliko hapo, na mimi nataka angalau mm 5 za bega zikalie ngozi kila upande, maana yake mabega yawe mm 50 au zaidi. Yasipofika, punguza ile nafasi ya bure iwe mm 1 kila upande, ujumlishe upya. Na kama kichwa cha ala yako hakitanuki kabisa, kimeenda moja kwa moja au kimechongoka kama mshale, achana na chango cha mikono miwili. Tengeneza kishubaka cha kukalisha kiwiliwili kwa chini. Usijaribu kulazimisha.

Angalia pia vigingi vya kukazia nyuzi. Kuna aina mbili. Vile vya gia vinatokeza pembeni kama masikio, na vile vya zamani vinatokeza nyuma. Kigingi hakitakiwi kubeba uzito hata kidogo, kwa hiyo hakikisha masikio ya chini kabisa hayakalii mikono ya chango. Vigingi vya nyuma navyo vinataka nafasi visigonge kibao cha ukutani.

Halafu kuna umbali kutoka ukutani, na hapa wengi wanapita haraka. Mgongo wa shingo na mgongo wa kiwiliwili haviko usawa mmoja. Kiwiliwili kimejaa zaidi kwa nyuma. Ukiiweka shingo karibu mno na ukuta, tumbo la ala linasukumwa na ukuta, ala inainama, na kila mtu akipita au upepo ukivuma mgongo unasuguana na plasta. Kanuni rahisi ni hii: kina cha kiwiliwili, toa unene wa shingo, ongeza mm 10. Kwa ukulele yenye kina cha mm 65 na shingo ya mm 20 unapata mm 55. Huo ndio umbali kutoka ukutani mpaka mgongo wa shingo. Kwa sisi tunaokaa pwani ile milimita 10 ya hewa ni muhimu mara mbili, kwa sababu ukuta wenye unyevunyevu ukigusana na mbao muda mrefu unaleta ukungu.

MISHIPA YA MBAO

Hapa ndo penyewe.

Mbao siyo kama chuma au plastiki kwamba ina nguvu ileile kila upande. Chukua ufagio wa chelewa. Jaribu kulivunja fungu zima kwa kulikunja: hutaweza. Lakini ukizitenganisha chelewa moja moja kwa ubavu, kazi ya sekunde. Mbao ni hivyo hivyo, ni kama fungu la chelewa nyembamba mno zilizogandishwa pamoja, zikifuata urefu wa gogo. Aliyewahi kupasua kuni analijua hili bila kusoma popote. Shoka likifuata mishipa gogo linafunguka lenyewe, likikatiza utatoka jasho.

Sasa mtu anaona picha ya chango mtandaoni, anachukua ubao mmoja mnene, anachora umbo lote kwa ubavu kama herufi L: mguu mrefu wa kukaa ukutani na mguu mfupi wa kubeba ala. Anakata kwa msumeno, anapiga msasa, anapaka vanishi, kitu kinang'aa. Lakini mishipa inafuata ule mguu mrefu, inapanda kutoka chini kwenda juu. Ule mguu mfupi, ambao ndio unabeba mzigo, mishipa yake imekatika kila milimita chache. Unashikiliwa na ubavu wa chelewa, siyo na urefu wake. Siku mtoto akining'inia au mtu akiichomoa ala kwa haraka, unakatika paap kwenye kona. Mstari wa kuvunjikia unakuwa mnyoofu kama umekatwa kwa kisu.

Usiniamini kwa maneno. Kata vipande viwili vya mbao ileile, kila kimoja mm 15 upana, mm 10 unene na sm 10 urefu. Kimoja mishipa ifuate urefu, kingine mishipa ikatize. Vunja kwa mikono. Cha pili kitavunjika kama biskuti.

Kwa hiyo sheria ni moja: kwenye kila mkono wa chango mishipa itoke ukutani na kwenda mpaka kwenye ncha. Na kwa kuwa kibao cha ukutani kinataka mishipa isimame wima, chango kizuri cha mbao ngumu HAKIWEZI kuwa kipande kimoja. Kitakuwa na vipande viwili au vitatu vilivyounganishwa. Anayekuuzia cha kipande kimoja, mgeuze ubavu uangalie mistari kabla hujatoa hela.

Kuna msamaha mmoja, nao ni plaiwudi. Ile imetengenezwa kwa matabaka ambayo mishipa yake inakatizana, hivyo nguvu yake inakaribiana pande zote. Plaiwudi nzuri ya mm 18 inaweza kukatwa umbo la L au la uma na ikafanya kazi. Lakini angalia ubavu wake kwanza. Zile za bei ya chini huwa na matundu ndani, tabaka moja limekosekana hapa na pale, na tundu likiangukia kwenye mkono umerudi kulekule.

MUUNDO WA KWANZA: VIJITI VIWILI

Huu ndio ningempa mtu anayeanza. Kibao cha ukutani cha mninga au mbao yoyote ngumu, urefu mm 160, upana mm 100, unene mm 20, mishipa ikisimama wima. Na vijiti viwili vya duara vya mbao ngumu, kipenyo mm 14, kila kimoja urefu mm 95. Kijiti kilichochongwa vizuri mishipa yake inafuata urefu chenyewe, kwa hiyo tatizo la juu limeisha kabla halijaanza. Ila kikague: kama mistari inatoka ubavuni badala ya kufika kwenye ncha, kitupe.

Mwanya tuliosema ni mm 44, kwa hiyo kutoka katikati ya tundu moja mpaka katikati ya tundu la pili ni 44 jumlisha 14, yaani mm 58. Toboa matundu yapite kibao chote, yakiwa yameinama kidogo ili vijiti vinyanyuke mbele kwa digrii 5 hivi. Kama huna drili ya kusimama, kata kabari ya mbao yenye mwinamo huo uiweke chini ya kibao, halafu toboa wima. Jaribu kwenye kipande cha kutupa kwanza.

Kijiti kinaingia mm 20 ndani ya kibao na mm 75 zinabaki nje. Sasa kuna kazi ndogo ambayo vyango vingi vya dukani havina: tumia tupa uchonge kitako juu ya kila kijiti, kina cha mm 2, kuanzia kama mm 35 kutoka kwenye kibao, urefu wa mm 25 hivi. Humo ndimo kichwa kitakapokaa. Pasipokuwa na kitako, ule mwinamo unaweza kuirudisha ala nyuma kidogo kidogo mpaka tumbo liguse ukuta. Kukiwa na kitako, kila ukiirudisha inakaa palepale.

Kuunganisha: paka gundi nyeupe ya mbao kwenye tundu na kwenye kijiti. Kabla ya hapo pasua ncha ya kijiti inayotokeza nyuma kwa msumeno mwembamba, kina cha mm 12, na kikishaingia gonga kakabari kembamba kwenye huo mpasuko. Mpasuko ukatize mishipa ya kibao, usiifuate. Ukiufuata, kabari inakipasua kibao vipande viwili na hutaamini macho yako. Acha usiku mzima kwenye jiliwa, kesho yake sawazisha nyuma kwa randa.

MUUNDO WA PILI: UMA NA ULIMI

Huu ni wa fundi aliyezoea patasi. Uma unachongwa kwenye ubao wa unene wa mm 22, mishipa ikitoka ukutani kwenda nje. Kwanza toboa duara la mm 44, halafu piga misumeno miwili kutoka mbele hadi kwenye duara. Hivyo unapata mwanya wenye kitako cha mviringo. Usiuache na kona za mraba ndani, maana ufa wowote unaanzia kwenye kona kali. Kila mkono usipungue mm 18 kwa upana. Nyuma ya uma chonga ulimi, na kwenye kibao chimba tundu la kupita upande wa pili, kama unavyounga mguu wa kiti. Skrubu peke yake haitoshi hapa, kwa sababu itaingia kwenye ncha za mishipa ya uma na huko meno yake hayashiki vizuri.

Uma huu ukiisha unapendeza kuliko vijiti, lazima niseme ukweli. Unaonekana kama samani.

MBAO GANI?

Mninga ni mzuri mno kwa kazi hii: haujikunji sana hali ya hewa ikibadilika, unakubali randa na rangi yake haihitaji kupakwa chochote cha kuificha. Mvule unafaa pia. Msaji una mafuta ya asili, kwa hiyo futa sehemu ya kuunga kwa kitambaa chenye spiriti kabla tu ya kupaka gundi. Msonobari laini unaweza kuwa kibao cha ukutani ila usiufanye mikono. Mpingo ni mgumu na mzito mpaka unazama majini, unamaliza makali ya msumeno, na kuutumia kwa kibao kizima ni uharibifu kwa maoni yangu. Kipande chake kidogo kinatosha kufunikia vichwa vya skrubu kama vifungo vyeusi. Mti huu huu ndio unaotengenezewa klarineti na obo Ulaya, kwa hiyo kwenye mambo ya muziki una heshima yake. Na wale wenye ndoto ya kuuza nje mjue kwamba mpingo uko kwenye jamii ya Dalbergia, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya jamii hiyo iko chini ya masharti ya CITES, ingawa mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika zililegezewa. Ulizeni ofisi ya misitu kabla ya kutuma mzigo.

Kwa kazi ndogo kama hii huna haja ya kununua ubao mzima. Pita kwenye karakana za samani, Keko kwa walioko Dar, Gikomba kwa ndugu zetu wa Nairobi, uombe au ununue vipande vilivyobaki. Kipande kinachotupwa kwenye kazi ya kabati kinatosha vyango viwili.

NGOZI, NA KWA NINI SIYO KANDAMBILI

Nimeona watu wanakata kandambili kuukuu na kuzigandisha kwenye mikono ya chango. Wazo ni zuri, ni laini na ni bure. Lakini baadhi ya mpira na plastiki laini zina kemikali zinazotoka polepole na kuyeyusha vanishi ya ala, hasa ile ya kizamani inayoitwa nitroselulosi. Baada ya miezi unaitoa ukulele unakuta mabega ya kichwa yananata, na alama haitoki. Mipira ya hospitali nayo ni hivyo hivyo.

Tumia ngozi ya mm 2. Fundi viatu atakupa vipande. Chagua isiyotoa rangi: ilowanishe kidogo, isugue kwa kitambaa cheupe, kitambaa kikibadilika rangi iache. Upande wa manyoya laini ukae nje. Feti nene inafaa, koki nayo inafaa. Kama huna namna na ni lazima utumie mpira, basi uzungushie kitambaa cha pamba kizito juu yake.

Vanishi ya chango chenyewe ipewe muda. Ikishakauka kwa kugusa bado inaendelea kutoa harufu, na kinachotoa harufu bado kinaweza kunata. Subiri wiki nzima, na zaidi kipindi cha masika. Wanaotumia mafuta ya kitani, yale ya linsidi ya mafundi rangi, wawe makini na vitambaa. Kitambaa kilicholowa mafuta hayo kikikunjwa na kutupwa kwenye kona kinaweza kupata joto chenyewe mpaka kikawaka. Kitandaze nje kikauke.

UKUTA

Chango kizuri kwenye ukuta mbovu ni bure. Tufanye hesabu kidogo. Ukulele ya kilo 0.6 inaning'inia mm 70 kutoka ukutani, na skrubu ya juu iko mm 100 juu ya ukingo wa chini wa kibao. Nguvu inayoivuta skrubu ya juu kutoka ukutani ni 0.6 mara 70 gawanya kwa 100, yaani kama kilo 0.4. Hakuna kitu! Sasa mwache mtoto wa kilo 15 ashike mikono ya chango: 15 mara 70 gawanya kwa 100, kilo 10 na nusu. Ndiyo maana skrubu ya juu iwekwe juu iwezekanavyo na kibao kiwe kirefu kwenda chini. Kirefu kinakusaidia kuliko kipana. Skrubu mbili, moja juu ya nyingine, zinatosha.

Kwenye ukuta wa matofali ya saruji, plasta pekee haishiki kitu. Tundu lipite plasta lifike kwenye tofali, weka kiplagi cha plastiki, kile mafundi wanakiita fisha, cha mm 8, na skrubu ndefu ya kutosha kupita kibao, plasta, na kuingia tofalini angalau sm 4. Msumari wa zege uliopigwa kwa nyundo unapasua plasta na baada ya muda unalegea, usiutumie. Nyumba za mawe za zamani, kama za Mji Mkongwe au Lamu, plasta yake ni ya chokaa na inamomonyoka, kwa hiyo toboa taratibu bila kugonga, tumia kiplagi kirefu, na kama nyumba siyo yako omba ruhusa kwanza. Ukuta wa udongo na miti unataka utafute mti wenyewe: gonga kwa kidole, pale sauti inapobadilika kuwa nzito ndipo penye nguzo.

Sehemu ya kuweka nayo ina maana. Usiweke mkabala na dirisha la jua la mchana, joto linalegeza gundi na daraja la nyuzi linabanduka. Usiweke juu ya jiko. Usiweke nyuma ya mlango, na sababu yake haihitaji maelezo.

NAKSHI, NA MAJARIBIO KABLA YA KUUZA

Pambo likae kwenye kibao, mikono iachwe kama ilivyo. Ukichonga nakshi kwenye mkono unakata mishipa tuliyohangaika kuipanga. Kibao cha sm 16 kwa 10 ni uwanja mkubwa, na binafsi sioni sababu ya kuiga nanasi la Honolulu wakati tuna nakshi za milango ya Zanzibar na Lamu: minyororo, maua ya duara, mawimbi. Kina cha mm 3 kinatosha.

Vijana wanaotaka kuvifanya biashara, pimeni kila chango kabla hakijatoka. Kifunge ukutani, tundika dumu la lita 5 lililojaa maji kwa kamba iliyokalia kile kitako, acha siku nzima. Hizo ni kilo 5, karibu mara kumi ya soprano. Kikilia, kikiinama au gundi ikifunguka, hakiuzwi. Kwenye bei hesabuni masaa yote, pamoja na ya msasa, maana msasa ndio unaokula siku. Na mteja apewe skrubu na viplagi vyake pamoja na chango, la sivyo atakwenda kutumia msumari halafu lawama ije kwako.

Kanuni hizi zinafaa kwa gitaa pia, ila vijiti viwe vinene zaidi, mm 18 au 20, kwa sababu gitaa la kawaida ni kama kilo 2 na la umeme linafika kilo 4, na mwanya upimwe upya. Wapiga udi wa taarabu wao wana kesi nyingine: kichwa cha udi kimekunjwa nyuma karibu pembe mraba na tumbo lake ni la mviringo wenye kina kirefu, hivyo mikono lazima isogee mbali sana na ukuta, na hapo skrubu ya juu inavutwa zaidi. Kwa udi tumia muundo wa uma na ulimi, kibao kirefu mara mbili, na skrubu tatu.

Ukishafunga chako, rudi na bisibisi baada ya wiki moja. Mbao ikikaa ukutani huwa inanywea kidogo na skrubu ya juu inapata mwanya wa nusu mzunguko. Ikaze, lakini usikaze mpaka kibao kinapiga kelele.